Binti Mzito na Pomboo

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumefika kisiwani. Nimemtapikia mkwe kiatuni. Mtu mzima na mvi zangu, kwenye kiatu cha mume wa binti yangu. Amekisuuza baharini, akasema hamna neno, mama, kilikuwa kimechakaa. Kilikuwa kipya. Aibu ya kwanza, na begi bado halijafunguliwa.

Safari yenyewe si yangu. Mkwe amemleta mke wake aogelee na pomboo, wale wa baharini wasiofugwa. Binti anaota jambo hilo tangu akiwa mdogo, alipoona picha yao kwenye kalenda ya dukani. Mimi nimejialika. Nilisema daktari kanishauri hewa ya bahari. Daktari hajasema kitu. Lakini mtoto mwenyewe ni huyo mmoja, nitamwachaje aruke kwenye maji yasiyo na sakafu? Mimi hata beseni likijaa nalipitia mbali.

Wakati wa kula mkwe amenielimisha. Pomboo si samaki, ni mnyama, anazaa na kunyonyesha. Alidhani ananituliza. Nani asiyejua mama mwenye mtoto mchanga alivyo mkali?

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza umekufa kabla ya chai. Nilichukua vazi la binti la kuogelea nikaliloweka kwenye sabuni, niseme lilinuka jasho. Likilowa leo, kesho halijakauka, haogelei. Kumbe vazi analo mwilini, analijaribu kwa ajili ya kesho. Nilichokiloweka, nikakifikicha, nikakianika kambani mbele ya wageni wote, ni chupi ya mkwe. Akapita, akaiona. Akauamkia ukuta.

Mpango wa pili. Nimemfuata nahodha wa boti ya pomboo, akisuuza majaketi ya kuokolea. Uongo sikutaka. Nikamwambia tu, baba, binti yangu huyu ni mzito, usimruhusu kuingia majini. Maana yangu, amejaliwa mwili, atazama kama jiwe la kusagia. Nahodha akavua kofia, akanipa hongera. Nikajiuliza, tangu lini mtu akapongezwa kwa kilo za mwanawe? Akasema boti yake haimshushi mja mzito majini, hata aje nani.

Ndipo nikaelewa alichoelewa.

Mdomo nilikuwa nao. Nikaufunga, maana mpango ulikuwa umekubali. Nikajiambia kunyamaza si uongo.

Jumatano, 8 Oktoba

Wenzake wameruka majini, binti kakaa botini na jaketi lake. Nahodha alimkatalia kwa upole, akasema sababu unaijua mwenyewe, mwanangu. Hakuijua. Pomboo walipita karibu sana, migongo inang'aa kama sufuria zilizosuguliwa, naye kashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Laiti angelia.

Ushindi huo. Mbona chakula hakipiti?

Jioni mambo yakawa mambo. Mama mwenye nyumba ya wageni, dada yake nahodha, alimkaripia mkwe kwa kumwachia mke wake abebe ndoo na hali ile. Hali gani, akauliza. Akaambiwa. Mkwe akakaa kwenye ngazi kama gunia lililokatwa kamba, akalia. Wana miaka mitatu ya ndoa, na kila ndugu wakikutana wanaulizwa, vipi, bado? Akaniomba nisimwambie binti kwamba amejua, huenda anataka kumshtukiza. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hiki hiki.

Kumbe mkwe ameshampigia mama yake. Mama huyo hunipigia kunikosoa tu. Leo ananiita bibi mwenzangu, na jina ameshachagua, la upande wao. Nikamwambia hata upande wetu yapo majina. Tukabishana mpaka sauti ikanikauka. Ndipo nikajisikia: nagombania jina la mtoto ambaye hayupo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkwe hakuweza kungoja. Asubuhi alimshika binti mkono akamshukuru. Binti akauliza, kwa lipi? Mkwe akamtazama mwenye nyumba, mwenye nyumba akamtazama nahodha aliyekuja kunywa chai, nahodha akanitazama mimi.

Nikasema nahodha alinielewa vibaya. Binti akaniuliza, ukamsahihisha? Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mkwe akamsimulia ya jana pale ngazini. Binti akasema, mama, jana alilia kwa furaha mbele yako, ukaitikia kwa kichwa.

Mkwe akainuka. Akatoka nje kumpigia mama yake. Nikamsikia akimwambia samahani, kosa ni langu, nilisikia vibaya. Langu, alisema. Ningepata shimo ningeingia na viatu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwambia nahodha ukweli mbele ya watu wote. Akaivaa kofia yake, kama mtu anayechukua hongera yake aondoke nayo.

Binti aliruka. Nikamwita Mungu kwa majina yote niliyofundishwa. Akaibuka katikati ya pomboo, anacheka cheko ambalo sijalisikia tangu meno yake ya utotoni. Pomboo mmoja alikuwa na mtoto ubavuni, hamwachi hata kidogo, anamzungukazunguka. Huyo nilimwelewa.

Binti aliporudi botini alikaa pembeni yangu, maji yakimchuruzika, akanilalia begani. Hakusema amenisamehe. Alisema tu, mama, legeza mkono, umenibana. Mkwe akanifunika taulo. Akasema mwakani tutapanda mlima mrefu, sote. Sote, na mimi ndani. Nikalia. Nikaapa sitaingilia safari yao tena.

Mlima, lakini. Watu huteleza. Mkwe ndiye atakayetangulia, namjua. Na milimani kuna kiongozi, nasikia hampandishi mtu mwenye maradhi, na kiongozi ni mtu wa kuelezwa mapema amtunze. Habari za uzito sizigusi, nimekoma. Nitamvuta kando nimwambie ukweli mtupu, ambao hakuna wa kuubisha: mkwe wangu huyu, baba, ana moyo mkubwa.