Ombi la Barua ya Utambulisho kwa Mkono Wangu wa Kushoto

Sylvesta Tluway,
Dereva wa watalii,
Karatu.

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Karatu.

YAH: MTU ALIYEPO MKONONI MWANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, ila naomba ukae kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mimi ni mkazi wako mtiifu. Michango ya barabara nalipa, vikao nahudhuria nikiwa sina safari, na sijakusumbua tangu lile suala la mbuzi. Leo nakusumbua kwa sababu mkononi mwangu kuna mtu, na serikali haijui ni nani.

Chanzo ni mgeni mmoja niliyemshusha kreta kutazama wanyama, mzee wa upole kutoka Ulaya. Wakati wa chakula cha mchana, pale karibu na viboko, alikunja shati nikaona tatuu ya mwanamke mkononi mwake. Ilichorwa ikachoreka, utadhani itakuomba maji. Akaniambia ni mke wake. Jioni nikamsimulia Penina, mke wangu, kama mtu anavyosimulia habari za kazini. Penina alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Akasema, "Wenzetu wanapendwa."

Basi. Maneno mawili, Mheshimiwa. Wewe ni mtu mwenye ndoa, najua umeusikia uzito wake.

Kesho yake nikaenda kwa Naipanoi, yule binti wa Kakesio aliyejifunza kuchora tatuu Arusha na sasa ana chumba juu ya saluni. Chumba kinanukia spiriti kama zahanati. Ukutani ana picha za kazi zake, na si za siku ile tu mchoro unapong'aa. Ana za miaka iliyofuata pia, ngozi ikiwa imepona na mwenyewe amenenepa. Nikampa fotokopi ya picha ya paspoti ya Penina. Akaishika kwa ncha za vidole.

"Baba," akaniuliza, "mama akicheka, jicho lipi hufumba kwanza?"

Nikamjibu yote mawili.

"Nenda ukamtazame vizuri, kisha uje naye. Nitamchora karatasini kwanza, mkikubaliana ndipo tuguse ngozi. Sindano nitaifungua mbele yenu. Na siku hiyo usinywe."

Nilitoka pale nimenuna. Nimeoa nikiwa na nywele, leo niagizwe na mtoto wa juzi nikamtazame mke wangu, kama vile ni mtambo mpya!

Ndipo nikaenda nyuma ya stendi kwa Dickson. Dickson unamfahamu, ndiye anayechora vifaru kwenye vifuniko vya tairi za akiba na kuandika majina ya maduka. Akasema, "Kaka, kaa hapo," nikakaa. Hakuniuliza swali hata moja, wala jina langu, na mimi nikaichukulia kuwa ni heshima. Sindano aliitoa kwenye kopo. Sikuuliza imeingia lini humo. (Baadaye nilikwenda hospitali kupima nikakutwa mzima, lakini nesi alinisema mpaka nikatamani ningekuwa mgonjwa.)

Gamba lilipobanduka, mistari ilikuwa imetanuka. Shavu limepata mikunjo, paji la uso lina mifereji, kidevu kimeteremka. Hata hivyo nilimwita Penina sebuleni nikavua shati kama waziri anayezindua mradi. Akatazama. Akainama akatazama tena.

"Mbona umemchora mama?"

Nikaugeuzia mkono kwenye mwanga. Mheshimiwa, alikuwa mama. Mama Leonida wa Qurus, mama mkwe wangu, na kitambaa chake kichwani, ambacho Dickson mpaka leo anashikilia kuwa ni nywele.

Kutokana na hali hiyo, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Watu wanausalimia mkono. Wewe mwenyewe mnadani ulinipita mimi, ukauambia mkono "Shikamoo mama," halafu ukakohoa ukaenda kuulizia bei ya ng'ombe ambaye hukuwa na nia ya kumnunua. Sikulaumu. Umri ule unastahili shikamoo. Ila mimi ndiye niliyebaki nikiitikia marahaba kwa sauti nyembamba, maana kunyamaza kungekuwa utovu wa adabu.

2. Habari zilifika Qurus kabla mkono haujapona. Mama mkwe akaja na jogoo na debe la mbaazi. Alipoona sura yake alilia, akanishika shingoni, akasema, "Nina wakwe wengi, na yupo mwenye lori, lakini wewe ndiye uliyenibeba." Ningesemaje? Ningemwambia, "Mama, samahani, wewe ni makosa ya uchoraji"? Nilimpokea jogoo, na kumpokea kule kumenigharimu. Sasa kila baada ya sala ya jumuiya anakuja na akina mama wenzake. Nasimama sebuleni nimekunja shati, nageuzwa huku na huku kama ndama wa mnada. Ameshaagiza aongezewe hereni. Amekataza pia mkono ule usishike jembe, kwa kuwa miaka yake ya kulima imetosha.

3. Kazini nimepoteza mwenzangu. Lembris, muongoza wageni ninayefanya naye kazi, ni Mmasai wa Kakesio. Tulikuwa tunakaa mbele pamoja, tunacheka safari nzima. Siku aliyoelezwa yule ni nani, alishuka kwenye gari akasimama barabarani. "Kwetu mama mkwe tunampisha njia," akaniambia. "Hatumtazami, hatuli naye. Wewe umemvaa!" Tangu hapo anakaa kiti cha nyuma kabisa na wageni, na akitaka nipunguze mwendo ili waone tembo, anapitisha ujumbe kiti kwa kiti. Unapofika kwangu, tembo ameshaondoka.

4. Chini ya kidevu cha mama, Dickson ameweka saini na namba ya simu, kama anavyofanya kwenye kuta za maduka. Namba yenyewe haipatikani. Wapo waliopiga wakidhani ni ya mama.

5. Kuoga. Kwetu mkwe hajianiki mbele ya mama mkwe wake, na sidhani kama kuna kabila wilaya hii linaloruhusu jambo hilo. Kwa hiyo naoga mkono ukiwa umefungwa mfuko wa mbolea. Bia naishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nauficha mgongoni, na bado haishuki vizuri. Juzi nilitaka kumdanganya mwenye gari kwamba pancha ilinichelewesha. Nikatupia jicho mkononi, nikajikuta nasema ukweli. Udereva wa namna hii haufiki mbali.

6. Hili sikutaka kuliandika. Penina hagombi. Akitenga ugali anauliza, "Na mama amenawa?" Ameukatia mkono kipande cha kanga cha kulalia. Hayo nilikuwa nayacheka, na yeye anacheka. Lakini siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, akasema bila kucheka, "Ungeniambia tu, ningekuja nikae mbele ya mchoraji. Umekwenda na fotokopi. Mimi nilikuwa hapa hapa."

Nikaendelea kupukuchua. Gunzi lilikuwa limekwisha punje zamani.

Nilirudi kwa Naipanoi, Mheshimiwa, nikiwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Hakunicheka. Aliomba radhi akatoka nje kidogo, akarudi macho yana maji. Akaupapasa mkono, akasema kovu lipo lakini kazi inawezekana taratibu: mistari mingine ataizamisha katika kivuli, namba ya simu ataifunika kwa urembo wa shanga, na sura ataifanya upya, mradi Penina aje akae pale mwenyewe. Nikakimbia nyumbani na habari njema. Penina akasema, "Siendi kuchorwa juu ya mama yangu mzazi." Nikampigia mama mkwe nimpime mawazo kwa mbali. Akaniuliza kama nina mpango wa kumfuta angali hai.

Ndiyo maana nimefika serikalini. Naomba ofisi yako inisaidie haya:

(a) Nipewe barua ya utambulisho, yenye muhuri, inayothibitisha kwamba sura iliyopo mkono wangu wa kushoto ni ya Penina, mke wangu wa ndoa. Iwe ndogo, niibandike juu ya kiwiko kwa nailoni. Anayetoka Karatu kwenda Wasso kutafuta kazi anapewa barua bila kuulizwa anafanana na nani. Mkono wangu ni mkazi wa siku zote.

(b) Endapo muhuri utasita kwa sababu ya mfanano, naomba ofisi itafakari hivi. Penina ni mtoto wa mama yake. Kila mwaka unaopita anamsogelea, na hilo hata majirani wanalisema. Maana yake Dickson hakukosea mtu, amekosea mwaka. Kwa msingi huo naomba Penina aelekezwe kwa maandishi kwamba afanye hima, ili yeye na mchoro wakutane katikati.

(c) Wakati tunasubiri, mama mkwe ahesabiwe katika kaya yangu kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku. Analala kwangu, anakula kwangu, na kulima nimekatazwa kwa ajili yake.

(d) Dickson arudishwe kwenye tairi. Kifaru hana mke wa kuja kulalamika.

(e) Itangazwe katika mkutano wa hadhara kwamba mchora tatuu yeyote asiyeuliza maswali asiguse ngozi ya mtu. Aulize kama umelewa, kama unaumwa, kama umefikiri. Aonyeshe kazi zake zilizopona. Akurudishe nyumbani hata kama utanuna. Wachoraji wote wa Karatu wawe kama Naipanoi, na asiyeweza apelekwe kwake akafagie mpaka aelewe. Kuchora ngozi si jambo geni huku kwetu. Bibi za Kidatoga wana urembo kuzunguka macho tangu zamani, na sijasikia hata mmoja aliyechorwa macho ya jirani.

Nitashukuru kama hili litashughulikiwa kabla ya Pasaka, kwa kuwa mama mkwe anakusudia kunipeleka Mbulu nikaonyeshwe kwa ukoo.

Nifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako, kwa wazee wa baraza, kwa mabalozi wote, na kwa kila aliyewahi kuusalimia mkono huu kwa nia njema. Mkono nao unawasalimu.

Ni mimi mwananchi wako, ninayeandika kwa mkono wa kulia,

Sylvesta Tluway (Baba Adrian)

NYONGEZA: Mheshimiwa, nilikuwa natafuta bahasha nikaiacha barua mezani, Penina akaisoma. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilisimama pale nikimtazama, na naweza kukujulisha rasmi kwamba ni jicho la kushoto. Kisha akavua sweta, akashusha kanga begani, akasema, "Na mimi nina wangu."

Kumbe kwa Naipanoi amekwenda, kwa siri, siku alizokuwa anasema yuko sokoni. Na imeshapona. Ni mimi. Si mfano wangu, ni mimi mwenyewe: nimelala kwenye kochi, mdomo wazi, shavu limebanwa na mto, upara unang'aa, na lile pengo la jino ninalolificha kwenye picha zote. Naipanoi alimuuliza Penina anampenda mumewe zaidi akiwa anafanya nini. Akajibu, "Akiwa amelala, maana hapo hanibishii." Kakenya, jirani yetu anayetuletea maziwa, alikuwa mlangoni. Aliona bega mara moja tu, akauliza kwa kunong'ona kama arudi baadaye nikiamka.

Kwa hiyo kipengele (e) nakifuta. Mchoraji hodari ni hatari kwa usalama wa raia. Dickson aachwe aendelee, ikiwezekana apewe na mkopo wa vijana. Kipengele (a) nacho kibadilishwe: naomba barua inayothibitisha kwamba yule aliyelala begani kwa mke wangu si mimi, na kwamba mwenye sura hiyo hafahamiki kitongojini.

Nimemuuliza Penina kwa nini hakupeleka picha ya harusi, ile ya suti. Akasema, "Yule wa suti nilikuwa bado simjui."

Basi, Mheshimiwa. Muhuri acha tu.