Mgomo wa Mashine Nyeusi

Wakili hakuwa wakili. Jina alipewa kwa sababu ya mdomo wake, na mahakamani alikuwa anapajua vizuri, ila kwa upande wa mshtakiwa. Asubuhi ile alikuwa ameketi kwenye kiti cha Kinyozi, povu limemjaa shavuni, aliposikia wembe umesimama.

Kinyozi alikuwa anatazama simu yake kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Wakili akamuuliza nani amefariki. Kinyozi akaeleza kwa sauti ya kukatikakatika: gemu la Ngome ya Saba, sehemu ya tatu, aliyoisubiri miaka minne, limetangazwa kuwa litachezwa kwenye mashine nyeupe za gemu pekee. Yeye na wenzake wote wana mashine nyeusi. Kampuni ya gemu na ya mashine nyeupe zimekaa mezani, zimepeana mikono, na wao wameachwa kwenye mataa.

Wakili alikuwa hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake. Lakini hasira ya watu aliijua harufu yake, na hii ilinukia vizuri. Povu lilipokauka, alikuwa ameshajua kila kitu: kwamba wanakutana ukumbi wa gemu mtaa wa pili, kwamba wenye mashine nyeupe wanawatumia vikatuni vya kuwacheka, na kwamba mmoja wao ameapa kuiponda mashine yake kwa nyundo.

"Asiiponde," Wakili alisema, haraka kidogo kuliko inavyompasa mtu asiyehusika.

Alasiri hiyo alisimama juu ya benchi ukumbini, mbele ya watu kumi na tisa wenye nyuso za kufiwa.

"Ndugu zangu," alianza, "mkilalamika kwenye simu, kampuni inacheka. Mkivunja mashine, inawauzia nyingine. Lakini mkizirudisha zote kiwandani kwa mpigo, kwenye sanduku moja, na barua juu yake, mkurugenzi hatalala. Nitazipeleka mwenyewe."

Fundi cherehani mmoja aliuliza kama watapewa risiti. Wakili alimtazama kwa huruma kubwa.

"Kaka, mgomo wenye risiti si mgomo. Hayo ni manunuzi."

Wakampigia makofi. Kufikia kesho yake asubuhi mashine kumi na tisa zilikuwa zimepangwa kwenye mkokoteni wake, nyingine zimefungwa shuka kama watoto wachanga. Kinyozi aliifunga yake shuka, akaibusu. Wakili alihisi kitu kinamchoma kifuani, akaamua ni njaa.

Akasukuma mkokoteni hadi mtaa wa mitumba ya umeme, akijiona tajiri. Muuzaji wa kwanza alikataa hata kugusa. Mashine nyeusi, alisema, hazina soko tena; watu wanazirudisha kiwandani, kuna mwanasheria mmoja hodari anaongoza mgomo. Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alimwonyesha hotuba yenyewe kwenye simu, imerekodiwa kutoka nyuma, akamshauri aisikilize kwa makini kwa sababu ina mantiki. Wakili aliisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameua bidhaa yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Akabaki Mama Redio, bibi fundi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliyetengeneza kila kitu kuanzia pasi hadi televisheni. Alizikagua mashine moja moja, akipuliza vumbi, kisha akauliza zimetoka wapi. Wakili akasema ni urithi wa marehemu mjomba.

"Mjomba wako alikuwa na vidole vingi," Mama Redio alisema.

Pesa hakuwa nazo, lakini nje palikuwa na pikipiki. Kama anataka, wabadilishane. Wakili aliipiga teke moja ikanguruma. Alimwonea huruma kikongwe wa watu, anayejitwisha mzigo wa vyuma vilivyokufa, kisha akapanda na kuondoka kabla huruma haijamzidi. Nia yake ilikuwa kuuaga mji huo moja kwa moja.

Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikazimika mbele ya ukumbi wa gemu, mlangoni kabisa.

Wakatoka wote, Kinyozi mbele. Wakamuuliza kama sanduku limeondoka. Akasema limeondoka, naye alikuwa anakimbia kulifuata. Basi wakasema kiongozi hawezi kusukuma pikipiki wakati wao wapo, na fundi wa kuaminika ni mmoja tu. Wakili akadai anapenda kutembea. Akadai daktari amemwandikia kutembea. Wakamkalisha juu ya pikipiki kama bwana harusi, wakamsukuma kwa nyimbo hadi kwa Mama Redio.

Mashine kumi na tisa zilikuwa rafuni, safu tatu, na lile shuka la Kinyozi limekunjwa vizuri pembeni. Nyimbo zikafa.

"Mmechelewa," Mama Redio aliwaambia. "Sauti yake niliijua kutoka kwenye ile hotuba, nikamwachia mafuta ya kumfikisha ukumbini tu."

Kisha ikawa zamu yao, na wala hakuwa mpole. Tangazo lina mistari kumi, alisema, na wote wamesoma mmoja. Akawasomea wa mwisho: baada ya siku tisini, gemu litatoka kwenye mashine zote. Yeye ameshajiandikisha kulinunua. Akavuta kitambaa chini ya meza, wakaiona mashine nyeusi ya ishirini, yake mwenyewe, imechakaa vitufe.

Hakuna aliyempiga Wakili. Mama Redio aliamua kwamba mikono iliyochukua ndiyo itakayorudisha, naye Wakili akazirudisha zote nyumba kwa nyumba, kwa mgongo wake, akiomba radhi kila mlango. Ya Kinyozi ilikuwa ya mwisho. Kinyozi aliiunganisha kwenye televisheni ya kinyozini, akampa pedi.

"Kaa. Huwezi kuondoka hujui ulitaka kutuibia nini."

Ilikuwa sehemu ya pili ya gemu. Wakili alitumbukia shimoni mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alivuka daraja, na hakujua amesimama wima wala kwamba wateja wawili walikuwa wanamshangilia. Kinyozi akamwambia sasa aende, anataka kufunga.

"Kaka," Wakili aliuliza bila kuondoa macho kwenye kioo, "hizo siku tisini zinaanza kuhesabiwa lini?"