Sosholojia ya Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Miaka miwili na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Leo mke wangu kanipigia. Kasema mtoto ananiita mjomba wa kwenye simu. Nimecheka. Kisha nikaenda nyuma ya rundo la kokoto, nikakaa.

Likizo ni moja tu kwa genge letu, na anayechagua wa kwenda ni mnyapara. Mshindani wangu ni Kobe. Mtu aliyekuja juzi, hata mpini wa sururu hajavunja! Lakini mnyapara anamwita mdogo wangu. Mimi ananiita wewe.

Bahati ninayo moja. Tunajenga maktaba ya chuo, na kiunzi ninachosimamia kazini kinatazama dirisha la ukumbi wa mwaka wa kwanza. Wanafundishwa sosholojia. Mimi niliyeishia darasa la saba, nasoma chuo kikuu. Bila ada, bila kiti.

Jumanne, 4 Machi
Mhadhiri, mama mmoja wanayemwita Daktari ingawa hajamtibu mtu, kasema hadhi haiko mwilini mwa mtu. Iko machoni pa wenzake. Vaa koti jeupe, watu watakuonyesha vidonda vyao. Wanafunzi wakaandika. Nami nikaandika, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Mpango! Kesho nachomekea shati, kalamu sikioni, faili kwapani. Mtu wa heshima hanyimwi likizo.

Jumatano, 5 Machi
Nilichomekea. Faili lilikuwa tupu, ila kila mara nililifungua na kutikisa kichwa.

Genge zima limeamua mimi ni mpelelezi wa kampuni. Mchana tunakula sufuria moja. Leo nilipokaa tu, wakainuka na sufuria. Mchanganya zege akaniuliza, eti bosi, mimi umeniandika kwa wino gani? Kobe akawaambia waniache, huenda nina homa. Huruma ya Kobe! Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi
Somo: kutengwa. Daktari kaeleza jinsi kundi linavyomwadhibu anayejitia tofauti bila kumzaba hata kofi. Nikapiga kelele dirishani: kweli kabisa, mama! Ukumbi mzima ukageuka. Daktari hakukasirika. Kaniomba kesho saa nne niingie nizungumze na wanafunzi.

Mimi, mwalimu! Nikishatoka humo, mnyapara ataninyima nini?

Tatizo: kesho saa nne tunamwaga zege la paa. Tunapanga mstari ngazini, makarai ya zege yanapita mkono kwa mkono hadi juu. Nafasi yangu ni ngazi ya tatu. Lakini dakika ishirini tu. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Wote walijua.

Nilikuwa na hotuba kuhusu hadhi. Sikuitoa. Daktari alinisimamisha mbele akasema huyu ndiye mfano wetu wa leo, kibarua mhamaji. Mfano! Kama chura wa maabara. Wakauliza chumbani tunalala wangapi. Nane. Wakaandika. Wakauliza kama mtoto wangu ananifahamu. Hapo nikageukia dirisha. Wakaandika hilo pia.

Huko nje mstari ulikatika ngazi ya tatu. Makarai yakarundikana, zege likaanza kushika. Zege halilali, wala halimsubiri profesa. Kobe akaruka akashika nafasi mbili peke yake, yake na yangu, hadi viganja vikachubuka.

Mnyapara alinipokea ngazini. Akaniuliza, wewe, shule imefungwa? Kisha akatangaza mbele ya wote kwamba likizo ni ya Kobe. Wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mikono haina adabu.

Jumapili, 9 Machi
Kobe kaondoka asubuhi. Alikuja na mikono yake yenye bandeji kuniuliza, kaka, una mzigo wowote wa mtoto? Anapita karibu na kwetu. Nikamwambia sina. Sitaki fadhila za mtu aliyeniibia likizo.

Mchana mke wangu kapiga, kauliza, baba, unakuja lini? Sikumweleza ya zege. Ya nini kumchosha?

Nimesoma ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi. Wiki ijayo: mamlaka na utii. Mamlaka! Hilo ndilo nililokosa. Kuanzia kesho nitawahi kazini na kutoa amri kabla mnyapara hajafika. Watu wakishazoea kutii, nani atauliza nimeteuliwa na nani? Na mwenye amri hujipa likizo mwenyewe.

Basi nimemwambia mke wangu amweleze mtoto: mwezi wa sita, tarehe moja, baba yupo mlangoni. Ikichelewa sana, wa saba.