Grafu Zenu Zinataka Kuzima Sherehe ya San Isidro

Kwa Mkurugenzi wa Takwimu,
Soko la Umeme,
Manila.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, na kiyoyozi cha ofisi yako kinafanya kazi. Sisi huku Malabuyo feni zinazunguka, tunamshukuru Mungu. Mimi ni Perpetua Macalalag, mhasibu wa ushirika wa umeme wa mji huu. Kila mwezi napokea kwenu hesabu za umeme tulionunua sokoni, nazihakiki, nalalamika kidogo kama ilivyo desturi, kisha tunalipa. Tumeishi hivyo kwa amani miaka mingi.

Leo nakuandikia kukuomba, kwa heshima zote, uzizuie grafu zenu mpya zisigusike tena, kabla hazijanifutia sherehe yangu. Sababu zangu ni hizi:

1. Zamani hesabu zilikuja kwa majedwali, na jedwali lina adabu. Linakaa kimya mpaka afike anayelijua, na katika mji huu anayelijua ni mimi. Kwenye vikao vya bodi nilikuwa nazisoma tarakimu kwa sauti ya rozari, wajumbe wanaitikia kwa vichwa, wengine wamefumba macho kabisa, na tunawahi vitafunio. Tangu mlete grafu ambazo ukizigusa zinajibu, halali mtu. Hata Aling Consorcia, mjumbe wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, amejifunza kuchagua kipande cha grafu na kukikuza, na sasa anataka kujua kwa nini bei ya saa kumi na mbili jioni si sawa na ya saa sita usiku. Nilimweleza. Akauliza tena.

2. Kile kitufe cha kupakua data. Mmekiweka juu kabisa, rangi ya chungwa, kama peremende. Padre Hilarion, ambaye bodi ilimpa nywila ya kufungulia grafu kwa heshima ya kanzu yake, alikibonyeza na kutuletea grafu ya Desemba katikati ya mahubiri. Akatuonyesha jinsi umeme wa mji unavyopanda alfajiri mwanzoni mwa zile misa tisa za kabla ya Krismasi, watu wanapoamka kujiandaa, na jinsi unavyoporomoka kabla misa hazijafika hata katikati. Akasema, "Mlioacha kuamka, Mungu anawaona. Na sasa na mimi nawaona." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Sikupendezwa.

3. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Mwaka huu mimi ndiye hermana mayor, yaani mama msimamizi wa sherehe ya San Isidro, mtakatifu wa mji wetu. Mama yangu mzazi aliisubiri heshima hiyo maisha yake yote, akatutoka Novemba iliyopita kabla zamu haijamfikia. Nimeichukua mimi kwa niaba yake. Gauni limeshonwa, bendi ya matarumbeta imekubali, nguruwe wananenepa. Usiku wa sherehe uwanja mzima hutandazwa taa, na watu hucheza mpaka miguu iwakatae. Taa hizo hutolewa na ushirika, tangu enzi za babu zetu.

Mwezi huu mwenyekiti wa bodi, Mang Cresencio Umali, alitaka kuiona gharama ya usiku ule mwaka jana. Akakishika kipanya kwa mkono ule ule anaomshikia jogoo wake wa kupigana, akabonyeza huku, akabonyeza kule, mpaka kwenye grafu iliyomulikwa ukutani ukabaki mstari mmoja tu, mwekundu, umesimama wima kama mnara wa kanisa.

"Haya, Aling Petua," akaniambia, "huo ndio usiku wenu. Mnacheza nyinyi, unalipa mji mzima."

Sasa anapendekeza dansi ihamishiwe saa nane mchana, bila taa hata moja. Mwezi wa Mei, Mheshimiwa! Mabibi wataanguka mmoja mmoja wakiwa na magauni yao ya mikono mipana, na bendi itapuliza mvuke. Bodi inapiga kura Alhamisi, na kwa ule mnara mwekundu nina hakika nitashindwa.

4. Maradhi yameshaingia majumbani. Mke wa mwenyekiti amewakataza wakwe zake kupika wali jioni, kwa hiyo ukoo mzima unakula kiporo. Jirani yangu Mang Teodulo, kwa kuuonea mji huruma, haimbi tena karaoke usiku. Anaimba saa nne asubuhi, akiwa hajanywa kitu, na hapo ndipo tulipojua kwamba pombe ilikuwa inamsaidia.

5. Kwa hayo yote naomba turudishiwe majedwali. Ikishindikana, nywila ibaki kwangu peke yangu. Na hilo likishindikana, basi ufute angalau mwezi wa Mei wa mwaka jana. Simwombi mtu aufiche ukweli. Naomba tu ukweli upumzike kidogo mpaka sherehe ipite.

Nisalimie familia yako, walinzi wa getini, na yule binti wa simu ambaye kila nikipiga huniambia nifunge ukurasa kisha niufungue tena. Mwambie nimefungua, na mwenyekiti bado yumo.

Wako mtiifu, mwenye uchungu,
Perpetua Macalalag

Tanbihi: Stempu ilikuwa imeshabandikwa nilipokumbuka kwamba malalamiko bila ushahidi ni umbea. Nikabonyeza kitufe cha chungwa ili niambatanishe data ya usiku ule. Ikaja mistari miwili, si mmoja. Kumbe kwenye grafu zenu ukibonyeza jina la mstari, mstari wenyewe unajificha, na hicho ndicho alichokifanya mwenyekiti bila kujua. Ule mwekundu ni bei ya sokoni, iliyopaa kisiwa kizima kwa sababu mtambo mkubwa wa umeme ulizimika mbali huko. Uliofichwa ni wa buluu, na huo ndio umeme wa Malabuyo. Bendi ilipoanza kupiga, wa buluu ulishuka, hata taa za uwanjani zikihesabiwa, ukawa chini kuliko jioni yoyote ya mwezi ule. Nyumba zilikuwa tupu. Bei ilipopanda, sisi tulikuwa uwanjani. Kucheza kwetu ndiko kulikouokoa mji.

Nimelitazama shimo hilo la mstari wa buluu nikalia. Jioni ile niliizima feni ya mama kwa mkono wangu, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mbele ya bendi. Feni yake imo humo.

Kwa hiyo, tafadhali, usiguse kitu chochote. Alhamisi naipeleka grafu yote kwenye bodi ikiwa imechapwa kwenye turubai la kutundika kama tangazo, na kwenye kona nimemweka Mang Cresencio akitabasamu. Huku kwetu turubai lisilo na sura ya mkubwa halitundikwi, na sijamwona bado mkubwa aliyepiga kura ya kuishusha sura yake. Fundi wa turubai anauliza: hakuna kitufe cha kupakua picha kubwa zaidi?