Sanamu ya Mama Anayefua

Mheshimiwa Mkuu wangu, waheshimiwa wakuu wa vitengo vyote vilivyo chini ya Mkuu wangu, Mwenyekiti wa Kamati ya Sanamu, Makamu wake, Katibu wa Makamu wake ambaye pia ni shemeji yangu (makofi, safu ya mbele), wadau, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: nisiyemtaja ajihesabu ametajwa.

Ndugu zangu, wenzetu huchonga majenerali juu ya farasi. Ofisi yangu, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi tisa na mchakato shirikishi uliowashirikisha wote tuliowaalika, ilijiuliza: nani aliwahi kumchonga mama anayefua? Yule anayeinama juu ya beseni kila kukicha, akasugua kola, akakamua, akakung'uta, akaanika, na kesho yake akaanza upya? Pale pana heshima. Pale pana uzuri. Niliugundua mwenyewe, nikiwa ndani ya gari. (Makofi. Sauti ya mwanamke, nyuma: "Kioo ulishusha?")

Kwa hiyo, kimkakati, tuliling'oa bomba la mtaa huu, ili papo hapo walipokuwa wakifulia akina mama, tujenge jukwaa la kumuenzi anayefua. (Minong'ono.) Najua wapo wanaouliza, "Sasa tufulie wapi?" Penye wengi pana mengi. Lakini takwimu hazina umbea: tangu bomba ling'olewe, foleni ya ndoo imepungua kwa asilimia mia moja! (Vigelegele, safu ya mbele tu.)

Kabla sijavuta shuka hili lililoifunika sanamu yetu, tazameni mikunjo yake: kiwiko, mgongo, beseni. Kazi ya kimataifa! Utadhani inapumua. (Chafya chini ya shuka. Kicheko.)

Naam. Mama anafua! (Safu ya mbele: "Mtaa unang'aa!") Mama anafua! ("Mtaa unang'aa!")

Mwisho kabisa, shukrani za pekee zimwendee mama anayetufulia nyumbani kwangu, aliyekubali kuinama humu tangu saa mbili asubuhi, kwa kuwa mchongaji bado hatujamteua. Mama, vumilia kidogo tu, wapiga picha wanamalizia.

(Shuka linavutwa. Mama ananyoosha mgongo taratibu, anamkabidhi mheshimiwa beseni.)

"Mheshimiwa, uliniambia nikiinama, bomba litarudi. Nimeinama mpaka kiuno kimekufa ganzi. Shati lako la hotuba ya kesho hilo humo, bado lina povu. Lisuuze."

(Makofi. Safu ya nyuma.)