Kadi Iliyopiga Kelele Ruring'u

Mtu akitoka dukani mbio kwa sababu ameahidiwa risiti, huyo ni mgonjwa au ni kiongozi. Gikonyo alimwona mzee Theuri akitoka hivyo mara mbili asubuhi moja, maduka mawili ya kompyuta hapo mjini Nyeri, na moyo ukamruka kama wa bwana harusi.

Gikonyo alikuwa ameegemea ukuta wa nje, akiuza chaja za simu ambazo hazikuwahi kuchaji simu ya mtu. Alisikia yote. Mzee anataka kuweka seva ya sinema kwenye ploti yake: sanduku moja la diski nane, nyaya ziende kila nyumba, wapangaji watazame. Diski anazo tayari. Kilichobaki ni kadi ya kuziongoza. Wenye maduka walimtajia bei, garantii ya mwaka na risiti. Mzee akasema atarudi, kwa sauti ya mtu ambaye hatarudi.

Mteja anayekimbia risiti, akawaza Gikonyo, huyo ni wangu.

Theuri tumweleze kwa heshima anayostahili, yaani kwa kifupi. Zamani alikuwa mwenyekiti wa kiwanda kimoja cha kahawa upande wa Giakanja. Mwaka wa 1998 mashine ya kumenya kahawa ilipakiwa kwenye lori ikapelekwa mji wa Kenol kutengenezwa. Wakulima wakachangishwa pesa za spea. Halafu fundi akatoroka. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetangaza, machozi yakimlengalenga. Mashine hiyo inatengenezwa hadi leo. Mafundi wa Kenol ni watu makini sana, hawana haraka. Katika kipindi hicho hicho cha majonzi, gorofa tatu zilichipuka mtaa wa Ruring'u kwa jina la Theuri, bila shaka kwa nguvu ya maombi.

Gikonyo alikuwa mtu wa Mwea, na hakuijua hadithi hiyo. Nchi hii ni tamu sana kwa wasiokumbuka.

"Chairman!" aliita. Kila mzee mwenye kofia ya namna ile huitwa chairman, na hakuna aliyewahi kukataa.

"Wewe ni nani?"

"Injinia Gikonyo. Hao wa ndani wanauza. Mimi nashauri."

"Na ushauri ni pesa ngapi?"

"Ushauri ni chai tu."

"Basi ni chai nusu," akasema Theuri.

Hotelini Gikonyo alitoa kadi mbili kutoka kwenye mkoba, akazilaza mezani kando ya chapati. Alikuwa amezinunua kwa kilo, kwa watu wa vyuma chakavu.

"Hii ndogo ni mpole," alisema. "Kazi yake ni kupitisha tu. Diski ukiitoa hapa uweke kwa kompyuta ingine, inasomeka. Bei yake ni ya chini."

Kwa sinema za nyumbani, hiyo ndogo ingetosha na kubaki. Fundi yeyote mwaminifu angekwambia hivyo, na ndiyo sababu mafundi waaminifu bado wanalipa kodi ya nyumba.

"Na hii kubwa?"

"Hiyo sasa ndio kadi ya landlord. Iko na akili yake. Inashika diski zote nane inafanya kitu moja, inaandika alama yake, na kutoka hapo hazisikii mtu mwingine. Ukitoa kadi, diski zinakuwa mawe. Na ukinyofoa diski, hata moja, kadi inapiga nduru kama nguruwe ya Krismasi. Hiyo ni security, chairman."

Theuri hakuisikia habari ya nguruwe. Alikuwa amekwama nyuma kidogo.

"Rudia hapo kwa mawe."

"Bila kadi, hakuna sinema. Hakuna kitu."

"Hata fundi mwingine akija?"

"Hata atoke Nairobi na tai."

Uso wa Theuri ulinawiri kama wa mzazi aliyesikia mtoto amepita mtihani. Gikonyo naye alikuwa ameshamaliza hesabu yake: namuuzia kadi rahisi, baadaye naichukua kidogo ati ni service, halafu atainunua mara ya pili kwa bei ya ng'ombe. Wanaume wawili wakatabasamu juu ya chapati moja, kila mmoja akiona kwamba ng'ombe ni mwenzake.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ngazi za ploti wiki nzima. Kila nyumba ilipe pesa ya sinema ya mwaka mzima, mapema. Asiyelipa asishangae maji yakipata shida. Maurine, mwalimu kutoka Kakamega aliyekaa gorofa ya pili, aliuliza risiti. Akaambiwa, "Madam, hapa sisi ni familia." Cucu Nyawira, bibi mzee wa nyumba ya chini anayeuza maharage ya njahi langoni, alilipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Na Jumapili moja alasiri sinema zikaja kweli, nyumba zote, picha safi. Watu walipiga makofi. Theuri alisimama kwenye ngazi akipokea makofi hayo kama mtu aliyeyalipia.

Siku nane baadaye Gikonyo alitua na pikipiki.

"Chairman, kadi inataka service. Ya kwanza ni bure."

"Ichukue. Lakini utaacha kitu."

"Kitu kama gani?"

"Kama hiyo pikipiki."

Hapo Gikonyo alisita. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake wa Mwea, inayobeba mchele kutoka kinuni, na alikuwa ameiazima hadi Jumamosi. Kaka huyo si mtu wa maneno. Ni mtu wa magunia, na mabega yake yanaonyesha. Lakini landlord mwenye wapangaji waliokosa sinema angemaliza siku ngapi bila kupiga simu? Mbili? Gikonyo akaacha pikipiki na ufunguo, akashuka mjini kwa miguu, kadi ikimpiga kifuani.

Simu haikulia. Alhamisi akapiga mwenyewe.

"Chairman, ni injinia. Hii kadi imepatikana na ugonjwa. Dawa yake ni expensive kidogo."

"Kadi gani?"

"Kadi yako, mzee!"

"Pole, mimi niliibiwa yangu. Na kijana anaitwa Gikonyo. Ukimwona uniambie."

Jioni hiyo mtu alimwonyesha picha iliyokuwa ikizunguka kwenye WhatsApp ya ploti. Ni yeye, Gikonyo, mdomo umejaa chapati. Chini yake: HUYU NDIYE ALIYEKULA PESA YENU YA SINEMA. Na chini zaidi: Jumamosi pikipiki ya mwizi itapigwa mnada uani, wapangaji wagawane kitakachopatikana. Huruma ya Theuri haijawahi kuwa na mipaka, hasa kwenye mali ya wengine.

Hapo ndipo Gikonyo alipoelewa ni kwa nini mzee alikuwa akikimbia risiti. Theuri hakuwa akitafuta kadi. Alikuwa akitafuta mwizi, na alikuwa amempata kwa chai nusu.

Simu ya kaka ikaingia. "Nakuja Jumamosi kuchukua machine yangu. Mchele uko kwa barabara."

Jumamosi ua ulijaa. Pikipiki ilikuwa katikati, imeoshwa, ufunguo wake ukining'inia. Theuri alikuwa ameanza kuhubiri juu ya vijana wa siku hizi wakati Gikonyo alipoingia langoni, kadi ameinua juu kama Biblia.

Maurine alimfikia wa kwanza, akamshika kola. "Mwizi ni huyu!"

"Madam, umewahi ona mwizi anarudisha? Mniwekee hii kadi muone sinema, halafu mnipe pikipiki ya watu!"

"Msiguse hiyo!" Theuri alipaza sauti. "Hiyo ni exhibit. Inaenda polisi."

Cucu Nyawira alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, sweta limefungwa hadi shingoni. "Theuri," akasema, "ulituambia kadi ikirudi sinema itarudi. Si imerudi? Wacha aiweke."

"Cucu, haya ni mambo ya kompyuta."

"Na ile ya kahawa ulisema ni mambo ya machine."

Wachache walielewa. Theuri alielewa. Mwanamke huyu alikuwa amebeba kahawa mgongoni hadi kiwanda kile kile, na kumbe alikuwa amelala chini ya paa lake miaka yote hiyo, akimkumbuka.

Sanduku lilikuwa kwenye kibaraza cha chini, karibu na ngazi. Gikonyo alichomeka kadi, akabonyeza. Feni zikavuma. Halafu ikaja sauti moja, nyembamba, kali, isiyovuta pumzi: piiiiiii! Mbwa wa jirani wakaitikia.

"Mmeona? Ameiharibu!" Theuri alipiga kelele.

"Haijaharibika!" Gikonyo naye akapiga kelele, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi. "Inalilia diski zake!"

Maurine aliinama, akavuta droo ya kwanza. Tupu. Ya pili tupu. Zote nane, tupu kama ahadi za kampeni.

"Mzee," akasema, "diski ziko wapi?"

"Zilienda service."

"Service wapi?"

Mdomo una mazoea yake. Kabla Theuri hajaushika, ulikuwa umeshasema: "Kenol."

Macho yote yakamgeukia. Na kwa kuwa yote yalikuwa kwake, hakuna hata moja lililobaki kwa pikipiki. Ndani ya kelele ile injini iliwashwa na hakuna aliyeisikia. Gikonyo alipokumbukwa alikuwa ameshatoka Ruring'u akielekea Mwea, bila kadi, bila jina zuri, bila ile chai nusu nyingine.

Theuri alikimbilia soketi. Akakuta Cucu Nyawira amehamisha ndoo yake, ameketi, mgongo umeiziba soketi.

"Cucu, toka nizime. Itakuharibia masikio."

"Yangu yalizeeka zamani. Haizimwi mpaka tulipwe."

Watu wa ploti zingine walianza kuchungulia, halafu wakaanza kuingia. Wengine walikuwa wa Giakanja. Theuri akatoa simu, akaanza kuwarudishia pesa zao. Moja baada ya nyingine, simu za wapangaji zikaita ting, ting, na Maurine akasoma kila ujumbe kwa sauti, mpaka nyumba ya mwisho.

"Hata wewe nimekulipa, cucu," Theuri alisema, jasho likimtiririka. "Sasa toka hapo."

Nyawira aliusoma ujumbe wake polepole. Akarudisha simu ndani ya sweta, akajiweka vizuri juu ya ndoo. Kadi ilikuwa bado inalia.

"Hiyo ilikuwa ya sinema," akasema. "Sasa tuanze ya kahawa."