Nani Amemtaja Kaneng?

Jumatatu, 1 Septemba

Makala ya Kaneng imetoka! Imetoka! Katika jarida la wasomi wa ndege, lile kubwa linalosomwa hadi ng'ambo. Jina lake liko juu kabisa, peke yake, bila mzungu pembeni! Salamu baadaye, shajara yangu. Leo sina nafasi ya salamu.

Nilipopata habari nilikuwa nimeshika kiazi. Sijui kilikwenda wapi. Soko zima la viazi limejua. Mwenye nyanya amejua. Askari wa barabarani amejua, naye alikuwa amekuja kuniambia niondoe toroli. Mwanangu! Wa hapahapa Jos! Mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa mtu anayesomwa na maprofesa.

Makala inaitwa "Wimbo wa Kuazima". Inamhusu yule ndege mweusi wa majabali yetu, asiyejua kulea. Anataga katika kiota cha ndege mwekundu, kisha huyoo, anakwenda zake. Kinda analelewa na mwekundu, na akikua anaimba wimbo wa aliyemlea. Kaneng amekaa nyuma ya mawe misimu mitatu akiwasikiliza. Chakula nilipeleka mimi. Mwavuli nilipeleka mimi. Kwa hiyo makala ni yetu sote.

Baba Kaneng ameisoma yote, akavua miwani, akasema ni nzuri. Akavaa miwani tena. Huyo ndiye mume niliyepewa.

Mama Nanret, jirani, hakuja kutoa pongezi. Eti ana kikohozi.

Jumatano, 3 Septemba

Balaa. Kituo cha utafiti wa ndege kina nafasi moja tu ya kazi ya kudumu. Kikao cha kuchagua ni Ijumaa ya tarehe 19. Wanaoiomba ni wawili: Kaneng wangu, na Nanret wa Mama Nanret! Kaneng akikosa atakwenda Lagos kuuza dawa za kuku. Ameshaitwa. Lagos! Na hawa wa majabali atawasikiliza nani?

Nikamuuliza wanapima nini huko kikaoni. Akasema si kuandika tu, ni kutajwa. Msomi akiandika, huwataja wenzake aliowaegemea. Ukitajwa na wengi, wewe mkubwa. Sasa Nanret anachora kwa kompyuta ramani za ndege wa Afrika nzima, na siku hizi upepo unavuma huko: ramani, satelaiti, hesabu zisizoisha. Kila mtu anamtaja. Anayekaa nyuma ya jiwe na ndege mmoja, nani amtaje?

Nikauliza Kaneng ametajwa na wangapi.

"Bado, Mama," akasema, akaangalia pembeni.

Nikamwambia alale usingizi. Kutajwa tu? Katika mji huu mimi naweza kumfanya mbuzi atajwe.

Jumapili, 7 Septemba

Leo ametajwa na kanisa zima! Nilitoka mbele na sadaka ya shukrani: kapu la viazi, mafuta, na jogoo. Kwaya inapiga ngoma, mimi nacheza, kilemba changu cha kijani kinang'aa. Nikampa Mchungaji Dalyop karatasi yenye jina la makala. Alilisoma mara mbili, maana nilikuwa nimeandika "rudia". Waumini wakaitikia Amina. Na anayeitikia naye ametaja.

Jogoo alitoroka chini ya viti vya kwaya ya wanaume. Si kosa langu. Nilimfunga.

Mlangoni Mama Nanret alinisubiri, kikohozi kimepona. "Hongera, Mama Kaneng," akasema, watu wote wasikie. "Ila Nanret wangu hutajwa Ujerumani. Hatajwi kwenye matangazo, baada ya habari za choo kilichoziba."

Mwanamke yule ana ulimi wa nyigu.

Nikaenda kumweleza Kaneng. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema lazima iwe kwa maandishi, na yawe yamechapishwa. Yamechapishwa! Si angesema kabla sijampoteza jogoo?

Jumanne, 9 Septemba

Mzee Da Bot wa ukoo wetu amefariki. Apumzike. Ameishi, ameshiba, ameona vitukuu. Kamati ya mazishi imenikabidhi kazi ya kijitabu: picha, nyimbo, historia ya marehemu.

Kijitabu cha kuchapishwa.

Mungu ana njia zake. Nimelia kwa dhati hadi adhuhuri, kisha nikaenda kwa mchapaji.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo sijui nianzie wapi.

Ukurasa wa tano niliuandika mwenyewe: "Marehemu aliwapenda mno ndege wa majabali, kama alivyoonyesha Kaneng Chuwang katika makala yake mashuhuri, Wimbo wa Kuazima." Chini kabisa nikamtaja tena kwa herufi ndogo, maana wasomi hupenda herufi ndogo. Kanisa lilijaa, mvua inapiga bati, kila mtu ana nakala mkononi. Moyo wangu ulikuwa mweupe kama chaki.

Nilisahau jambo moja. Da Bot alikuwa adui wa ndege. Maisha yake yote aliyamaliza katika shamba la fonio, kombeo mkononi, akiwatupia mawe wasile nafaka hiyo. Hata uzeeni, majina ya wajukuu yameshampotea, alikuwa akikaa barazani na kurusha mawe.

Mjane wake, Ngo Hwong, akasomewa ukurasa wa tano. Kisha akauliza kwa sauti, mbele ya jeneza, "Jamani, huyu tunayemzika ni mume wa nani? Wangu mkono ulipinda kwa kuwapiga ndege!"

Watu walicheka mazishini. Mchungaji alijifuta macho, na hayakuwa machozi ya msiba.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Profesa Wuyep, mkuu wa kituo cha ndege, ni mkwe wa ukoo wetu. Alikaa safu ya pili. Akausoma ukurasa wa tano. Akasoma na zile herufi ndogo. Akakikunja kijitabu polepole, akakitia mfukoni.

Kaneng alimwona. Tulipofika nyumbani akasema kwa wasomi hakuna aibu kama mtu kujitajataja mwenyewe, na Profesa ataamini ni yeye aliyeandika. Akaingia chumbani. Nikampelekea gwate, uji mzito wa fonio na majani na nyama kama anavyoipenda. Akairudisha. Gwate yangu!

Baba Kaneng akaila. Akasema ni nzuri.

Jumanne, 16 Septemba

Kaneng ameniamsha alfajiri, akasema vaa viatu, tunakwenda majabali. Nilijua anataka kunigombeza pasipo majirani. Haikuwa hivyo.

Tulikaa nyuma ya jiwe lake. Nyasi zimelowa, sketi yangu imelowa. Ndege mweusi akatua kwenye tawi kavu, mdogo kuliko nilivyodhani, akaanza kuimba. Kaneng akaninong'oneza: sikiliza hapo, na hapo, hizo si sauti zake. Kisha kutoka chini ya mawe mwekundu naye akaimba. Kweli kabisa. Wimbo ni uleule.

Nikamuuliza kwa nini ndege wazuri hivi hawana watu wa kuwaandika. Akasema ndege wa bustani za Ulaya wameandikwa mpaka mtu hawezi kuzimaliza makala zao. Kila anayeandika humtaja aliyemtangulia, na huyo humtaja wa kabla yake, wamekuwa ukoo. Huyu wetu anaishi katika mawe haya tu. Hana ukoo wa waandishi. Mtu hutaja alichosoma, akasema, na husoma kilicho karibu naye. Hakuwa na uchungu. Alisema kama mtu anayetazama mawingu na kusema jioni itanyesha.

Nikafikiri sana. Mwenye wakwe wengi mazishi yake hayaishi hotuba. Mpweke anafukiwa kabla ya chakula cha mchana. Na hapo hakuna aliyepima wema wa yeyote.

Nikafikiri tena. Huyu mweusi kusoma hajui, lakini kila asubuhi anamtaja aliyemlea, juu ya tawi, bila kuombwa. Mimi nyimbo ninazopuria fonio ni za mama yangu. Ni nani amewahi kunisikia nikimtaja? Na hiyo gwate yangu inayosifiwa mtaa mzima, niliyofundishwa na Mama Nanret mwaka ule alipohamia... Haya. Hayo si ya leo.

Nimemwahidi Kaneng sitafanya chochote tena hadi kikao kipite. Akaniegemea begani. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 17 Septemba

Kupeleka chakula si kufanya chochote. Chakula ni chakula.

Nikampelekea Nanret gwate, sufuria nzima. Kijana mpole yule, sijui alimrithi nani. Alipofika sahani ya pili nikamwambia: mwanangu, sisi ni majirani, wewe mtaje Kaneng, naye Kaneng atakutaja wewe, nipe nikupe.

Kijiko kikasimama hewani.

"Mama," akasema, "mbona nimeshamtaja?"

Nikaketi. Akanieleza. Ramani yake inategemea mashine zinazofungwa mitini kurekodi sauti. Mashine ikisikia wimbo wa mwekundu inaandika mwekundu. Kumbe mahali pengi aliyeimba ni mweusi! Nusu ya wekundu wake katika majabali haya hawakuwepo. Aliposoma makala ya Kaneng wiki ile ya kwanza ndipo akaona kosa, akarekebisha makala yake, akamtaja Kaneng humo waziwazi, akaituma Ijumaa ileile.

Nilipiga vigelegele! Nikamshika kichwa nikambariki!

Yeye akaisogeza sahani mbali taratibu. "Lakini sasa umenipikia, Mama. Kikao kikisikia kwamba nimelishwa ili nimtaje, hawataamini lolote. Wataona tumekula njama. Kaneng ataanguka, nami nitaanguka naye."

Nikasema nani atawaambia? Tuko wawili tu humu.

Hatukuwa wawili. Mama Nanret alikuwa amesimama mlangoni tangu sahani ya kwanza. Mwanamke asiyeweza kuficha hata bei ya chumvi! Akaja, akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja.

"Hii ni gwate yangu," akasema. "Na imepungukiwa karanga."

Nimerudi nyumbani na sufuria kichwani. Kaneng nimemwambia yote. Hakunigombeza. Amekwenda kupanga nguo za Lagos.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikwenda sokoni. Viazi na vioze.

Nimesimuliwa na Kaneng mwenyewe. Kabla hawajamuuliza lolote alisimama akawaambia yote: kanisa, kijitabu, sufuria. Nanret naye akasimama akasema ndivyo. Profesa Wuyep akatoa kijitabu cha Da Bot mfukoni, akakiweka mezani. Kaneng anasema alitamani sakafu ipasuke.

Mjumbe mmoja akasema mtu aliyehongwa chakula ni mtu aliyehongwa. Hapo mlango ukagongwa. Ni nani? Mama Nanret! Ameloa chapachapa, hana miadi, hajaitwa na mtu. Akaomba radhi waheshimiwa, akasema anao ushahidi wa kutoa kuhusu ile gwate.

"Niliionja," akasema. "Ile haiwezi kumhonga hata mbwa. Mwanangu aliila kwa adabu."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Profesa akauliza makala ya Nanret ilitumwa lini. Wakatazama. Ilitumwa siku nyingi kabla ya sufuria. Basi akasema kutajwa mara nyingi si hoja, hata kwenye mazishi mtu anaweza kutajwa, na hapo akamtazama Kaneng juu ya miwani. Yeye anataka kujua aliyetajwa alimsaidia mwenzake kuona nini. Ramani ya Afrika nzima ilikuwa na kosa, na kosa limeonekana kutoka nyuma ya jiwe moja.

Nafasi ni ya Kaneng!

Nanret anakwenda Ujerumani, wamemwita miaka minne. Nilitaka kwenda kumshukuru mama yake, au kumkaba koo, sijui lipi lianze. Nikamkuta ameketi peke yake jikoni, taa hajawasha, anachambua karanga. Akasema kule ni baridi na hana mtu. Nikavuta kigoda. Tumechambua pamoja.

"Kweli ilikuwa mbaya hivyo?" nikamuuliza mwishoni.

"Ningesema nini tena, wewe mwanamke?" akasema.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimejifunza mengi katika mambo haya. Nimejifunza kwamba kijitabu hutupwa. Mtu anakisoma, anafungia maandazi. Ndoo haitupwi!

Kaneng ameomba sherehe ndogo tu ya shukrani, ya nyumbani, watu wachache. Nimemkubalia. Kisha nimeagiza ndoo za plastiki, za buluu, zenye mfuniko, za kumpa kila mgeni anayeondoka. Ubavuni zimechapishwa: "Kama alivyoonyesha Kaneng Chuwang, Wimbo wa Kuazima." Mtu akienda kisimani, ametaja. Akifua, ametaja. Akimwazima jirani, jirani naye ametaja. Nanret nitampa mbili asafiri nazo, ili Kaneng atajwe na Wajerumani.

Baba Kaneng ameitazama ndoo kwa muda mrefu. Akasema ni nzuri.

Gwate atapika Mama Nanret, tumeelewana. Kadi ya mezani nayo imechapishwa tayari: "Gwate ya Mama Kaneng." Chini yake, kwa herufi ndogo, nimemtaja yeye. Ndogo sana. Lakini nimemtaja.

Mchungaji anakuja, kwaya inakuja, Ngo Hwong anakuja na wajukuu wote, Profesa Wuyep amesema hawezi kukosa. Kaneng bado hajaambiwa. Sherehe ni Jumapili, tarehe 5 Oktoba, mara tu baada ya ibada, uani kwetu.